Mjomba Akikujazia Glasi

Huku kwetu kusini sherehe hazigawanyiki vizuri katika mwaka. Zinakuja kwa mkupuo. Mwezi wa kumi minada ya korosho inafunguliwa, vyama vya msingi vinapeleka mzigo ghalani, na baada ya muda simu zinaanza kulia kwa ujumbe wa benki. Wakati huohuo mabibo yametapakaa chini ya mikorosho, mengi kuliko midomo ya kuyala, na anayejua kuyakamua hakosi ndoo. Ikifika Desemba shule zimefungwa, harusi zilizokuwa zinasubiri fedha zinapata tarehe, na mabasi ya Dar es Salaam yanashusha ndugu Ndanda, Masasi na Newala. Kisha Krismasi. Kisha Mwaka Mpya. Mtu mwenye ukoo mpana, na nani huku hana, anaweza kualikwa mara tatu ndani ya wiki moja, na kila mwaliko una sinia lake na ndoo yake.

Wenzetu wa mikoa mingine wana utani wao juu yetu: eti mtu wa kusini akishauza korosho anamnunulia mbuzi wake bia. Tunacheka nao. Lakini msimu wa 2024/25, mnada wa kwanza ulipovusha bei ya kilo shilingi 4,000, sikuona mbuzi hata mmoja kwenye benchi la kilabu. Waliokaa pale tulikuwa sisi wenyewe.

Sikusudii kumharibia mtu sikukuu. Huku tunajua kupokea wageni, na kijiji cha Lupaso ni mfano. Ndicho kijiji alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa Novemba 1938, na ndiko alikozikwa Julai 2020, siku ambayo viongozi wa nchi na wanakijiji walikaa kwenye msiba mmoja. Ukarimu huo ni mali. Ila nimeangalia shughuli za Desemba kwa miaka mingi, za Wakristo na za Waislamu, na nimefikia uamuzi huu: wengi wanaovimbiwa na kulewa kwenye sherehe zetu si walafi wala si walevi. Ni watu wenye haya. Wanakula sahani ya tatu kwa sababu mama mkwe ameipakua mwenyewe. Wanakunywa glasi ya nne kwa sababu aliyeijaza ni mjomba.

Asiyejua kusini anaweza kudhani natia chumvi. Wamakonde, Wamakua na Wayao wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba hapa si ndugu wa kutembelewa mara moja kwa mwaka. Ndiye anayekaa kwenye posa yako, ndiye anayeitwa mambo yakiharibika. Sasa fika kwake tarehe 26 Desemba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umeingia lini?"

"Jana usiku, mjomba."

"Na hujaja kunisalimia mpaka saa hizi! Haya, kaa. Nyie, mleteeni mpwa wangu glasi."

Kiti hakijapata joto na glasi imeshafika, imejaa mpaka povu linamwagika mezani. Ukisema hunywi, utaulizwa tangu lini. Ukisema uko kwenye dozi, utaulizwa dozi gani hiyo inayozuia uraka, maji ya mabibo tu haya. Kisingizio cha dozi kimechakaa. Kila mtu anakitumia na hakuna anayekiamini, hata yule ambaye kweli yuko kwenye dozi.

Kinachofanya kazi ni kupokea heshima na kuacha wingi. Pokea glasi kwa mikono miwili, mshukuru, onja, kisha iweke mezani ikiwa imejaa. Usiinywe ikaisha, maana glasi tupu mbele ya mjomba ni ombi. Glasi iliyojaa haina pa kuongezewa, na mwenye nyumba anaona umepokea. Usiyekunywa kabisa, sema mapema, tena kabla glasi haijaletwa: "Mjomba, leo nataka togwa ya shangazi, nimeiota tangu Dar." Hapo hujakataa cha nyumba ile, umechagua cha nyumba ile. Mzee atanung'unika kidogo, halafu atamwita shangazi. Nimeona hili likifanikiwa hata kwa wajomba wagumu.

Kwa chakula vivyo hivyo. Anayepakua hutazama zaidi namna unavyokipokea kuliko kiasi unachomaliza. Sifia, uliza kimepikwaje, omba kidogo cha pili cha kitu kimoja badala ya sahani nzima ya vitu vyote. Mama mkwe aliyeombwa "kisamvu tu, mama, hiki cha karanga" amepata sifa kubwa kuliko yule aliyemaliziwa sufuria kimyakimya.

Lakini maneno matamu hayasaidii kama umefika na njaa ya siku mbili. Kuna tabia ya kujinyima tangu asubuhi ili "kuacha nafasi". Ni hesabu mbaya. Tumbo tupu likikutana na pilau ya nyama, mkono unakwenda mbio kuliko taarifa ya shibe, ambayo huchukua kama dakika ishirini kufika kichwani. Tumbo tupu likikutana na pombe ni vibaya zaidi, kwa kuwa chakula ndicho kinachochelewesha kilevi kuingia kwenye damu. Kabla ya kutoka nyumbani kula kitu cha kawaida: uji wa mtama, kipande cha muhogo wa kuchemsha, ming'oko, vile viazi vya porini, kama imepatikana, mbaazi za jana zilizochemka upya. Kunywa na maji. Utafika kwenye shughuli ukiwa mgeni anayechagua.

Hili linawahusu zaidi wanaotoka mbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ndio uliokuwa unaamua kama utakula Krismasi na wazazi au utailia kwenye foleni ya kivuko. Sasa unapanda basi Dar alfajiri na jioni uko Ndanda, ukiwa umekula chipsi Nangurukuru, soda mbili na bisikuti. Unashuka umekauka, umechoka, miguu imevimba, na nyumba nzima inakusubiri na ndoo. Usiku huo wa kwanza ndio unaowaumbua watu wa Dar. Omba maji kwanza, oga, kula, salimia wazee, lala. Sherehe itakuwepo kesho, na keshokutwa.

Tuingie kwenye sinia. Shughuli zetu nyingi watu bado wanakula kwa makundi, wanaume watano sita wamelizunguka sinia moja la pilau au wali wa nazi, nyama imepangwa katikati, kachumbari pembeni. Ni ulaji wa kindugu na sitaki ufe. Una tatizo moja tu: huoni umekula kiasi gani. Sahani yako ungeiona ikiisha. Sinia linaisha kwa mikono ya wote, na mwenye mkono mwepesi anawaongoza wengine. Angalia siku moja. Kuna mtu atakuwa anafinyanga tonge kubwa na kumeza bila kutafuna vizuri kwa kuogopa nyama itaisha, na wote waliokaa naye wataongeza kasi bila kujua. Kaa mbali na huyo. Kaa na mzee anayesimulia, kwa sababu anayesimulia anakula polepole na wanaomsikiliza wanamfuata. Anzia kwenye mboga na kachumbari, kula upande wako, na ukisikia pumzi inaanza kuwa nzito nawa mkono. Aliyeshanawa haombwi kurudi sinia lile.

Nyama hailiwi mara kwa mara majumbani mwetu, na ndiyo maana siku ya shughuli watu wanataka kuila ya miezi mitatu. Vipande viwili vitatu vya ukubwa wa kiganja kwa siku nzima vinatosha. Mafuta ya mbuzi aliyenona hayana haraka ya kutoka tumboni, na usiku ukilala chali utayasikia yanapanda kifuani kama moto. Mwenye vidonda vya tumbo anajua ninachosema.

Na korosho zenyewe? Hizi ndizo zinazotupita bila kuhesabiwa, kwa kuwa tunaziona kama hewa. Gramu mia moja za korosho zilizobanguliwa zina kalori zaidi ya 550, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ni mafuta mazuri kuliko ya kukaangia vitumbua, sikatai, na korosho ni chakula bora. Lakini bakuli la korosho lililowekwa katikati ya maongezi, zimekaangwa na kutiwa chumvi, ni mlo kamili unaoliwa na mtu ambaye tayari amekula mlo kamili. Chukua kiganja kimoja, kisha sukuma bakuli kwa jirani. Chumvi yake nayo inaleta kiu, na kiu hiyo kwenye sherehe haipelekwi kwenye maji.

Inapelekwa kwenye soda. Waislamu wetu na Walokole hujiona salama kwa sababu hawagusi pombe, na kwenye hilo la pombe wako salama kweli. Lakini chupa ya kawaida ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi mtu mzima asivuke kiasi cha vijiko sita vya sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, chai ya asubuhi ikiwamo. Mtoto anayekunywa soda tatu siku ya Krismasi, na wapo, ameshapita vijiko ishirini kabla ya keki. Soda moja kwa kila mtu, iwe ya baridi na inywewe kwa raha, halafu maji. Zamani soda ya Krismasi ilikuwa moja kwa kila mtoto na ilikumbukwa mpaka Pasaka.

Kwa wenye kisukari na presha sina maneno laini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana presha, na karibu tisa katika kila mia wana kisukari, wengi wao hawajui. Kwa hiyo kwenye sinia la watu sita, ukiwahesabu vizuri, yupo mmoja ambaye chumvi ile na soda ile vinamdhuru zaidi ya wengine. Usiache dawa kwa sababu ya sikukuu. Usiache dawa ili unywe, jambo ambalo watu wanalifanya wakidhani wanajilinda. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akinywa pombe bila kula, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka, na watu watasema kalewa na kumwacha alale hapo. Amfahamishe mtu mmoja pale kwenye shughuli, mke, kaka au jirani, kwamba akionekana anatetemeka, anatoka jasho na anaongea ovyo apewe kitu cha sukari haraka, soda hiyohiyo sasa ndiyo kazi yake, na akipoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Sasa pombe. Nitakaa hapa muda mrefu kidogo.

Uraka ni juisi ya mabibo iliyochachuka yenyewe. Ukikamua bibo asubuhi ukaionja juisi papo hapo, ni tamu yenye ukakasi, na ina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Hiyo mpe hata mtoto, ilimradi matunda yameoshwa na chombo ni kisafi. Lakini juisi hiyo haikai. Ndani ya saa chache inaanza kufanya vijipovu, kesho yake imechangamka, keshokutwa ni pombe kamili. Ndoo ni ileile, kikombe ni kilekile, ladha imebadilika kidogo tu. Hapo ndipo mtu anaponaswa: alikunywa vikombe vitatu Jumamosi akaenda zake vizuri, Jumatatu anakunywa vitatu vilevile vya ndoo ileile anaanguka mfereji wa barabara. Usihesabu uraka kwa vikombe kabla hujauliza umekamuliwa lini. Muuzaji mwaminifu atakuambia. Asiyetaka kusema, muache na ndoo yake.

Bia ina hesabu iliyo wazi zaidi, na inafaa uijue. Chupa ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia tano ina takribani gramu ishirini za kilevi tupu. Ini la mtu mzima linachoma kama gramu saba hadi kumi kwa saa, na halikubali kuharakishwa na kahawa, wala na maji ya baridi kichwani, wala na supu ya kongoro. Bia moja, basi, ni kazi ya saa mbili au tatu. Aliyeanza saa kumi na mbili jioni akamaliza ya nne saa nne usiku, muadhini akiita watu alfajiri anaweza kuwa bado ana pombe mwilini, hata kama amelala na anajisikia mzima. Kibapa cha mililita 200 cha kinywaji kikali cha asilimia 35, chupa ile inayokaa kwenye mfuko wa shati, kina gramu kama 55, yaani karibu bia tatu ndani ya kitu kinachomezwa kwa mikupuo michache. Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 2017 watu walilalamika, lakini sababu mojawapo ilikuwa hiihii: kilevi kingi, bei ndogo, kimefichika kiganjani.

Ukitaka kunywa na ubaki mtu, kunywa baada ya kula, chagua kinywaji kimoja ukae nacho, na kati ya glasi na glasi weka glasi ya maji ya ukubwa uleule. Kwa wengi bia mbili katika jioni nzima ndiyo mpaka wa busara, na kwa wanawake na wenye miili midogo hata kabla ya hapo. Mjamzito asinywe kabisa, uraka ukiwamo, maana hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hata kwa watu wengine hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Ninapoandika "mbili" sisemi mbili ni dawa. Nasema ni afadhali kuliko sita.

Anayemeza dawa aulize kabla ya kunywa. Flagyl na pombe havipatani: kutapika, moyo kwenda mbio, kichwa kupasuka. Panadol nyingi za kutuliza kichwa juu ya pombe nyingi ni mzigo mara mbili kwa ini. Na wale wa kuzimua, wanaoamka tarehe 26 wakatafuta glasi ya kutoa uzito wa jana, wanachofanya ni kuahirisha deni na kuliongezea riba. Maji, uji mwembamba wenye chumvi kidogo, supu isiyo na mafuta mengi, kivuli cha mwembe na usingizi. Dawa nyingine ya mning'inio hakuna.

Gongo sitaipa ushauri wa kiasi. Imekatazwa kisheria nchini tangu miaka ya 1960, lakini sababu yangu hapa si polisi. Anayekunywa hajui nguvu yake, hajui imepitia pipa gani na bomba gani, na hajui kama aliyeitengeneza au aliyeiuza ameiongezea kitu. Novemba 2000 jijini Nairobi zaidi ya watu mia moja walikufa kwa pombe haramu yenye methanoli, na wengine wakabaki vipofu. Aprili 2010 Kabale nchini Uganda waragi ya aina hiyo iliua makumi ya watu. Methanoli haina ladha ya kukuonya. Mtu analewa kama kawaida, anaamka, kisha baada ya nusu siku au siku nzima kichwa kinauma sana, tumbo linakata, macho yanaona ukungu au weupe mtupu. Huyo asiambiwe anywe maziwa alale. Akimbizwe hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au ya Newala, popote palipo karibu, na wote waliokunywa naye waende hata kama hawajisikii vibaya. Wasifiche walichokunywa. Daktari anataka kujua ili atibu.

Mpaka hapa nimemlemea mgeni, wakati nusu ya kosa ni la mwenyeji. Shughuli ya kusini haiongozwi na mtu mmoja. Ina kamati, na kamati ya vinywaji ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wanakamati hawa hupimwa kwa kreti walizoleta. Hakuna aliyewahi kusifiwa kwa maji. Matokeo yake, saa nane mchana jua limewaka na kilichopo mezani ni bia, soda na uraka. Mwenye kiu ya maji inabidi aende jikoni kuomba kama mtoto.

Maji huku juu si jambo dogo, naelewa. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mchanga wake unanyonya mvua yote, na wanawake wa Newala wa vizazi vingi wameteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Ndiyo maana yapangwe mapema kama kreti zinavyopangwa. Na kwa kuwa Desemba ndiyo mvua zinaanza na uchafu unashuka kwenye visima, yachemshwe au yatiwe dawa ya maji, yafunikwe, yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu. Mikono inayoshirikiana sinia moja inawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kutumbukizwa kwenye beseni moja la watu thelathini. Wenzetu wanaomwita Mwislamu achinje mbuzi wa Krismasi ili majirani wote wale wameshaonyesha wanaweza kumfikiria mgeni mapema. Waongeze na hili.

Pilau nayo. Inapikwa usiku wa manane, inafunikwa na makaa juu, inaanza kuliwa saa saba mchana, mabaki yanafunikwa tena, na saa mbili usiku yanapakuliwa kwa waliochelewa. Wali uliokaa wa uvuguvugu kwa saa nyingi unazalisha sumu ya vijidudu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Watu huamka wanaharisha na kutapika, na lawama anapewa jirani mwenye kijicho. Pikeni sufuria mbili kwa zamu, ya pili iive wageni wa jioni wanapokaribia. Kisichobaki cha moto kabisa kisipewe watoto.

Kama kutakuwa na ugali wa muhogo kwa umati, unga usitayarishwe kwa pupa. Muhogo mchungu uliotwangwa mbichi na kuanikwa siku hiyohiyo, ule wanaouita chinyanya, bado una sumu yake. Mtwara iliwahi kupata wagonjwa wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na chanzo ni muhogo wa aina hiyo ulioliwa kwa muda mrefu bila chakula kingine cha kutosha. Mlo mmoja wa shughuli hauleti konzo, lakini unaweza kulevya na kutapisha. Anzeni mapema, au nunueni mahindi.

Watoto waangaliwe kwa mambo mawili ambayo kila mwaka yanarudi: mabaki ya glasi, ambayo huyamaliza wakizunguka meza wakubwa wakicheza ngoma, na korosho au karanga nzima kwa aliye chini ya miaka mitano, ambazo zinakaba koo. Mtu mmoja apewe kazi ya kukusanya glasi. Isiwe kazi ya "yeyote".

Kuhusu kurudi nyumbani nitasema kifupi. Barabara ya kupanda Newala ina kona na giza. Bodaboda aliyekunywa nanyi si usafiri. Kamati inayolipa muziki inaweza kulipa vijana wawili wa pikipiki kwa sharti kwamba usiku ule wanywe soda. Wasichana wasiachwe warudi peke yao. Ugomvi wa mirathi na wa mashamba usifunguliwe pale penye ndoo. Tarehe 28 asubuhi inatosha.

Na fedha, kwa kuwa zote zimetoka kwenye shina moja la mkorosho. Anayekunywa kwa mkopo Desemba ndiye anayeuza korosho zake kwa kangomba, nje ya mnada, mwaka unaofuata, bado zikiwa maua, kwa bei ya mnunuzi. Biashara hiyo imekatazwa, lakini mnunuzi wake hamtafuti mtu mwenye akiba. Anamfuata mwenye deni kilabuni. Toa kwanza ya ada za Januari, ya pembejeo na ya chakula cha Februari na Machi, miezi ambayo huku kila mtu anaijua kwa njaa yake. Kitakachobaki ndicho cha sikukuu, na kikiwa kidogo hakuna aibu. Mbuzi mmoja anatosha ukoo unaopendana.

Vikao vya kamati vimeshaanza, daftari limefunguliwa na michango inaandikwa. Ndugu mwenyekiti wa vinywaji, kabla hujaandika kreti ya kwanza ya bia, andika madumu ya maji yaliyochemshwa na vikombe vyake, ndoo ya togwa, jina la atakayekusanya glasi na jina la dereva asiyekunywa. Kisha andika saa ya kufunga pombe, uisome mbele ya wajomba wote kikaoni, wakiwa bado hawajanywa.